Kiungo cha Drive: ni nani anaweza kufungua faili yako?

Orodha ya familia zilizokimbia vita, pointi za wanafunzi, ripoti ya kikao cha kata, picha ya kadi ya uchaguzi: siku hizi vyote hivi vinapita ku simu. Faili ikiwa nzito, ao watu wa kuipokea wakiwa wengi, tunaiweka kwenye Drive, tunachukua kiungo, kile wengi wetu wanaita lien, na tunakitupa ndani ya kundi la WhatsApp. Tunaona kazi imekwisha.

Lakini kiungo hakibaki mahali tulikiweka. Mmoja anakituma kwa ndugu yake, ndugu anakituma katika kundi lingine, na mwenye faili hana namna ya kujua kimefika wapi. Hapa kwetu mashariki, jina la mtu, mtaa anaolala na namba yake ya simu vinaweza kumletea hatari kubwa. Ndiyo sababu ni lazima kuelewa kiungo kinafanya nini kabla ya kukituma.

Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine

Watu wanasema faili iko « kwenye wingu », ao klaudi. Ukweli ni kwamba faili yako iko ndani ya kompyuta kubwa za kampuni fulani, mbali na hapa, na wewe unaifikia kwa njia ya intaneti. Google inatoa nafasi ya giga 15 bila kulipa, lakini ndani ya hizo giga wanahesabu pia barua zako za Gmail na picha za Google Photos. OneDrive ya Microsoft inatoa giga 5, Dropbox inatoa giga 2. Kwetu Drive ndiyo inajulikana zaidi, sababu inakuja tayari ndani ya simu nyingi za Android.

Faida yake haiko ndogo. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, kuko watu waliotoka nyumbani na nguo za mwilini tu. Diplome, cheti cha kuzaliwa, karatasi za parcelle, vyote vikabaki nyuma. Mwenye kuwa na picha za karatasi zake ndani ya akaunti yake anaweza kuzipata tena hata kama simu imepotea njiani, mradi akumbuke neno lake la siri. Kwa hiyo kuhifadhi ni jambo jema. Hatari inaanza pale pa kugawa.

Milango miwili ambayo haifanani

Ukifungua faili kwenye Google Drive na kubonyeza « Partager », utakuta sehemu inaitwa « Accès général ». Hapo kuko chaguo mbili, na ndizo zinaamua karibu kila kitu.

Chaguo la kwanza ni « Limité ». Maana yake faili inafunguka tu kwa watu ambao wewe mwenyewe umeandika anwani zao za barua pepe. Mtu mwingine akipata kiungo, atakuta mlango umefungwa, na atalazimika kukuomba ruhusa. Wewe utaona jina ao anwani ya mwenye kuomba, kisha utaamua.

Chaguo la pili ni « Tous les utilisateurs disposant du lien », yaani kila mtu mwenye kiungo. Hapa hakuna orodha mlangoni. Mwenye kukamata kiungo anaingia, hata kama hana akaunti, hata kama humujui. Ikiwa ni faili ya maandishi ya Google Docs, watu wa namna hiyo wanaonekana juu ya kioo na majina ya wanyama tu: mnyama fulani « anonyme ». Hautajua kama ni mwalimu wa shule yako ao mtu mbaya.

Kiungo chenyewe ni kirefu na kimejaa herufi zisizo na maana, ili mtu asiweze kukibahatisha. Ulinzi wote uko hapo: kwamba watu hawakijui. Lakini kitu ulichotuma katika kundi la watu 200 hakiwezi kuitwa siri. Ni kama kuacha ufunguo wa nyumba chini ya jiwe, kisha kutangaza sokoni ni jiwe gani.

Angalia pia haki unayompa mtu. « Lecteur » anasoma. « Commentateur » anasoma na kuandika maoni pembeni. « Éditeur » anaweza kubadilisha kila kitu: kufuta jina, kuongeza jina, kugeuza hesabu. Tena, kwa kawaida, « Éditeur » uliyemuweka kwa jina anaweza kuita watu wengine ndani ya faili pasipo kukuuliza, labda uwe umemfungia nafasi hiyo katika mipangilio. Orodha ya kugawa unga ao mahema iliyoachwa na haki ya « Éditeur » kwa kila mwenye kiungo inaweza kuzaa ugomvi siku moja tu, na hakuna atakayejua nani aliongeza yale majina.

Na usidanganyike na neno « Lecteur ». Mwenye kusoma anaweza pia kuteremsha faili na kubaki nayo. Kuko mpangilio wa kuzuia jambo hilo, lakini hakuna mpangilio unaoweza kumzuia mtu kupiga picha ya kioo na simu nyingine.

Viungo vinavuja namna gani

Njia ya kwanza tunaijua wote: kupokezana. Ya pili ni ya kusahau. Mtu anaweka kiungo kwenye ukurasa wa Facebook ambao kila mtu anaona, ao kwenye tovuti ya shirika lake. Hapo mitambo ya kutafuta inaweza kukikuta. Mwezi wa Februari 2020, dunia iligundua kwamba viungo vya kuingia katika makundi mengi ya WhatsApp vilionekana katika majibu ya Google, sababu wenyewe walikuwa wameviweka mahali pa wazi.

Hata mashirika makubwa yameanguka katika mtego huu. Mwezi wa Septemba 2018, gazeti la intaneti The Intercept lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameacha wazi mbao zao za kazi za Trello pamoja na faili za Google Docs, na ndani yake kulikuwa maneno ya siri na habari za kazi za ndani. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Faili zilikuwa zimewekwa « kila mtu mwenye kiungo », kisha viungo vikaandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Miaka minne kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2014, Dropbox ilitangaza kwamba viungo vya kugawa vilikuwa vinaweza kuvuja pasipo mtu kuvituma. Mtu akifungua hati kwa njia ya kiungo, kisha akibonyeza anwani ya tovuti iliyoandikwa ndani ya ile hati, tovuti hiyo ilikuwa inapokea kiungo cha hati aliyotoka. Dropbox ilifunga viungo vilivyoguswa na kurekebisha. Na mwaka wa 2016, watafiti wa Cornell Tech huko Marekani walionyesha kwamba viungo vilivyofupishwa vinaweza kubahatishwa na kompyuta, na kwa njia hiyo walifikia faili za watu kwenye OneDrive. Kiungo kirefu kinachosha macho, lakini urefu wake ndio kinga yake. Usikifupishe.

Njia nyingine inaponyoka watu wengi: folda. Ukigawa folda nzima kwa « kila mtu mwenye kiungo », kila faili utakayoweka ndani baadaye inafuata sheria ya ile folda. Shirika linaweza kufungua folda kwa picha za sherehe, kisha miezi sita mbele mfanyakazi mpya akaweka humo orodha ya akina mama waliofanyiwa ukatili. Hakuna aliyebonyeza kitu kibaya siku hiyo. Mlango ulikuwa wazi toka zamani.

Picha inaweza kusema nyumba iko wapi

Simu ikiwa imeruhusiwa kujua mahali iko, kila picha unayopiga inabeba ndani yake tarehe, saa, aina ya simu, na alama ya mahali penyewe, karibu kabisa na pale uliposimama. Hauzioni ku kioo, lakini ziko ndani ya faili.

Ukituma picha ku WhatsApp kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza na habari hizo zinaondoka. Ukiituma kama « Document », ao ukiiweka kwenye Drive, inabaki nzima na habari zake zote. Kwa hiyo mtu anayepiga picha ya shahidi, ya mtoto aliyeokolewa, ao ya mahali watu wamejificha, kisha anagawa kiungo cha Drive, anaweza kuwa anagawa pia njia ya kufika pale.

Dawa ni rahisi. Funga alama ya mahali katika mipangilio ya kamera. Kwa picha ambazo zimekwisha kupigwa, ifungue picha, piga picha ya kioo cha simu, kisha gawa ile mpya. Ubora utapungua kidogo, lakini alama ya mahali haitakuwemo.

Namna ya kugawa vizuri

Anza na swali moja: kama faili hii inafika mikononi mwa mtu ambaye simpendi, nani ataumia? Kama jibu ni « hakuna », kwa mfano tangazo la chanjo ao ratiba ya mitihani, chaguo la « kila mtu mwenye kiungo » na haki ya « Lecteur » linafaa kabisa. Hakuna haja ya kujisumbua. Lakini kama ndani kuko majina, namba za simu, magonjwa, makosa, ao mahali watu wanalala, fuata njia hii:

1. Toa kwanza yale yasiyohitajika. Mwenye kupanga mahema anahitaji kujua familia ina watu wangapi. Hahitaji namba ya kadi ya uchaguzi. Tengeneza nakala fupi kwa kazi hiyo, na ile kamili ibaki kwako.

2. Chagua « Limité », kisha andika anwani za watu mmoja mmoja. Wengi wanasema hawana barua pepe, lakini simu nyingi za Android haziwezi kuteremsha programu za Play Store pasipo akaunti ya Google. Mara nyingi anwani iko pale, ni kuitafuta tu katika mipangilio.

3. Toa haki ndogo inayotosha. Wengi wawe « Lecteur ». Wawili ao watatu tu wawe « Éditeur ».

4. Kwa faili nzito zaidi, weka neno la siri ndani ya faili yenyewe. Microsoft Word na LibreOffice zote zinaweza kufunga hati na neno la siri. Programu ya bure 7-Zip inaweza kufunga folda nzima. Tuma kiungo kwa njia moja, na neno la siri kwa njia nyingine: kiungo ku barua pepe, neno la siri kwa kupiga simu. Ukiviandika katika ujumbe mmoja, ni sawa na kufunga kufuli na kuning'iniza ufunguo juu yake.

5. Andika siku ya kufunga. Akaunti za bure za Google haziko na nafasi ya kupanga kiungo kife chenyewe, kwa hiyo ni wewe wa kukumbuka. Kazi ikiisha, rudi uondoe watu.

Kuko jambo lingine ambalo halionekani ku kioo: akaunti yenyewe ni ya nani? Wengi wetu tulifunguliwa akaunti na muuza simu siku ya kununua, na ni yeye aliyechagua neno la siri. Mtu huyo, akitaka, anaweza kuingia katika Drive yako. Badilisha hilo neno leo. Ukitumia kompyuta ya sekretariati kwa kupiga fotokopi ao kutoa faili, usitoke pasipo kufunga akaunti yako pale. Na kama ulimtumia mwenye mashini picha ya kadi yako ku WhatsApp, muombe aifute mbele ya macho yako, sababu vinginevyo itabaki ndani ya ile kompyuta.

Kisha washa ulinzi wa hatua mbili. Google itakupa pia namba 10 za akiba, kila moja yenye tarakimu 8. Ziandike ku karatasi na uzifiche mahali pazuri. Siku simu na SIM vimepotea vyote viwili, hizo namba zinaweza kukurudisha ndani ya akaunti.

Na wewe unayepokea

Shida haiko upande wa mtumaji peke yake. Matapeli wanajua kwamba tumezoea kubonyeza. Ujumbe unakuja: « Angalia kama jina yako iko ku liste ya msaada, bonyeza hapa ». Unabonyeza, unaona ukurasa unaofanana na Google, unaombwa anwani na neno la siri. Ukiandika, umemupa mtu akaunti yako.

Tazama anwani iliyo juu ya ukurasa. Faili za Google zinakuja kutoka drive.google.com ao docs.google.com, na kisha mkwaju. Kama kati ya « google.com » na mkwaju wa kwanza kuko nukta na maneno mengine, haiko Google. Lakini hata anwani ya kweli haitoshi, sababu tapeli anaweza kutengeneza fomu ndani ya Google Forms. Google yenyewe inaandika chini ya fomu hizo kwamba mtu asitume kamwe neno la siri kwa njia hiyo. Fomu ikikuuliza neno la siri, ao PIN ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ifunge. Hakuna shirika la msaada linalohitaji PIN yako ili likupe unga.

Kiungo kikileta faili inayoishia na .apk, hiyo ni programu, haiko orodha. Usiiweke ku simu.

Kama kimekwisha kutoka

Ukigundua kwamba kiungo cha faili nyeti kinatembea, usianze na kuandika katika kundi « tafadhali msifungue ». Utakuwa unawaita watu wafungue. Anza na kufunga mlango: fungua faili, « Partager », rudisha « Limité ». Kuanzia hapo kiungo kinakataa.

Usiamini kwamba kutupa faili ndani ya « Corbeille » kunatosha. Kwenye Drive faili inabaki humo siku 30, na kama ni yako, watu uliowagawia wanaweza bado kuiona mpaka uifute moja kwa moja. Funga kwanza ruhusa, kisha futa.

Jambo lingine la kujua: kwenye Google Drive, ukifunga kiungo leo na kukifungua tena kesho, ni kiungo kilekile kinarudi kuwa hai, na wote waliokishika mwanzo wataingia. Kama ni lazima kuendelea kugawa, tengeneza nakala mpya ya faili, igawe kwa « Limité », na ile ya zamani uifute.

Halafu linabaki jambo gumu zaidi. Waliokwisha kuteremsha faili bado wanayo, na hakuna kibonyezo cha kuwanyang'anya. Wale ambao majina yao yalikuwa ndani wana haki ya kujua, ili wajilinde: wabadilishe namba, wahame, wajulishe jamaa. Kiongozi wa shule, wa kambi ao wa chama anayenyamaza kwa kuogopa aibu anawaacha watu wake wakiwa mbele ya hatari ambayo hawaioni.

Tena sheria iko. Kongo iko na Code du numérique, yaani ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuko sehemu kuhusu ulinzi wa habari za watu. Mwenye kukusanya majina ya raia hawezi kusema kwamba ni karatasi zake binafsi.

Dakika kumi za leo

Kabla ya kulala, fungua Drive ku simu yako. Pita faili moja moja. Zile zilizogawiwa zinaonyesha alama ndogo ya watu pembeni ya jina. Kwa kila moja, bonyeza nukta tatu, kisha « Gérer l'accès », na usome: ni « Limité » ao ni kila mtu mwenye kiungo? Utakuta pengine orodha ya mwaka juzi, kikao kilichokwisha, mtoto aliyemaliza shule, na mlango ungali wazi. Ufunge. Kisha mwonyeshe jirani ao mwenzako wa kazi afanye vilevile, kwa sababu jina lako linaweza kuwa ndani ya faili yake.